Matandazo ya Maganda ya Karanga, Makumbi na Vifuu: Mwongozo kwa Bustani za Mchanga za Tanga

Bustani ya mwambao wa Tanga hunyweshwa alfajiri, na jua likifika utosini mchanga wa juu umekwisha kuwa mweupe na mkavu kana kwamba haukuguswa na maji. Hali huwa ngumu zaidi mwezi wa Januari na Februari, wakati mvua za vuli zimekatika, masika bado hayajaingia, kaskazi inavuma mchana kutwa, na visima vingi vilivyo karibu na bahari vimeanza kutoa maji yenye ladha ya chumvi. Mchanga hauwezi kushika maji: yale yasiyopotea kwa jua hushuka chini upesi, mbali na mizizi mifupi ya mchicha na bamia. Njia nafuu kuliko zote ninazozijua ya kuzuia hasara hiyo ni kuufunika uso wa udongo kwa matandazo, na katika mji ambao karibu kila nyumba hukuna nazi, matandazo hayo yamelala nyuma ya jiko yakisubiri kuchomwa moto.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kutumia maganda ya karanga, makumbi na vifuu vya nazi, na unaeleza pia kwa nini maganda ya korosho yasifanywe kama hayo mengine. Ninaanza na tofauti zao kwa sababu makosa mengi niliyoyaona, pamoja na langu mwenyewe, yalitokana na kudhani kwamba ganda ni ganda. Ganda la karanga ni jepesi na huoza kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Kumbi la nazi hushika maji kama sifongo na huchukua miaka kadhaa kuisha. Kifuu hakiozi upesi hata kidogo. Ganda bichi la korosho huunguza ngozi ya binadamu.

Hatua ya kwanza: kulijua ganda ulilonalo

Tuanze na korosho, kwa kuwa hapo ndipo penye hatari. Msimu wa kuokota korosho kwetu huanza karibu na Oktoba na kuendelea hadi mwanzoni mwa mwaka, na kipindi hicho hicho maganda hutupwa kwa wingi karibu na kila mahali wanapobangua. Ganda huchukua karibu asilimia 70 ya uzito wa korosho ghafi, kwa hiyo anayebangua gunia moja hubaki na rundo kubwa asilojua alipeleke wapi. Ukilivunja ganda moja na kulitazama upande wa ukingo utaona ngozi mbili, ya nje na ya ndani, na katikati yake vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki. Vitundu hivyo vimejaa mafuta mazito ya rangi nyekundu inayoelekea weusi, yenye asidi ya anakadiki na kadoli, ambayo ni ndugu wa karibu wa utomvu unaowachubua watu midomo wanapokula embe kwa pupa na ganda lake. Mwembe na mkorosho ni wa ukoo mmoja. Mafuta hayo yana thamani viwandani, ambako hutumika katika kutengeneza rangi, vanishi na bitana za breki, lakini bustanini hayana kazi.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa bure magunia mawili ya maganda mabichi na watu waliokuwa wakibangua kwa mashine ya mkono, nikayatandaza siku hiyo hiyo kwenye matuta ya biringanya. Kufikia jioni ncha za vidole vyangu zilikuwa zimegeuka kahawia. Siku ya tatu ngozi ilitoka malengelenge, kisha ikababuka. Mtoto wa dada yangu, aliyenisaidia kubeba, alikuwa amejifuta jasho usoni kwa mkono ule ule, na kope zake zilivimba hata akashindwa kufumbua macho kwa siku mbili. Niliyaondoa maganda yote kwa koleo pamoja na tabaka la mchanga lililokuwa chini yake, nikayafukia shimoni mbali na kisima. Tangu hapo kila ninayemwona amebeba gunia la namna hiyo kuelekea bustanini humsimamisha nikamweleza, kwa maana mimi hakuna aliyenieleza na sikuuliza.

Kwa hiyo ganda bichi la korosho lisitandazwe kwenye mboga, lisimwagwe njiani wanapopita watoto pekupeku, wala lisitiwe jikoni kama kuni, kwa kuwa moshi wake huwasha macho na kifua. Mtu akigusa mafuta hayo kwa bahati mbaya na anawe mara moja kwa sabuni na maji mengi, na yakiingia machoni aende kituo cha afya bila kungoja yavimbe.

Maganda yaliyokwisha kuchomwa yana hukumu tofauti kidogo. Kina mama wa mwambao wanaochoma korosho kwenye bati lililotobolewa matundu huacha mafuta yatoke na kushika moto hadi ganda liwe jeusi, kisha hulimwagia mchanga kuuzima moto huo, na ndipo hupaka jivu mikononi na kuvunja moja moja. Ganda lililoungua hivyo limepoteza sehemu kubwa ya mafuta yake. Lijaribu kwa kulisaga juu ya jiwe na kulifunga kwenye kipande cha karatasi nyeupe: likiacha doa la mafuta, bado halifai, likimomonyoka kama mkaa na kuacha vumbi jeusi tu, linaweza kurundikwa mahali pa wazi likanyeshewa masika nzima, na baada ya hapo litumike chini ya miti mikubwa. Kwenye mboga mimi silitumii kabisa, hata likiwa limeungua namna gani.

Karanga haina hatari ya namna hiyo, ila ina mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza ni chumvi. Karanga za kuchemsha zinazouzwa na maganda yake huwa zimepikwa kwa maji ya chumvi, na ganda lake huifyonza. Debe moja la maganda hayo likimwagwa kwenye tuta la mchicha, majani ya chini huungua pembeni kama yaliyopitiwa na moto. La pili ni ukungu. Karanga zilizohifadhiwa na unyevu huota kuvu wanaotoa sumukuvu, ile ile inayopatikana kwenye mahindi mabovu na iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Maganda yenye vumbi la kijani au la manjano na harufu ya uvundo yasiingizwe bustanini, kwa sababu kuku watachokora punje zilizosalia humo, na anayeyatandaza atavuta vumbi lake. Yafukie.

Nazi hutupa vitu viwili. Kumbi ni lile ganda la nyuzi linalobanduliwa kwenye kifuo, na kifuu ni lile gumu linalobaki baada ya kukuna. Hapa pana tahadhari ambayo wakazi wa pwani wanaielewa haraka: makumbi yaliyofukiwa ufukweni ili yalainike kwa ajili ya kamba za usumba yamejaa maji ya bahari, na mabaki yake yana chumvi hadi ndani ya nyuzi. Hata kumbi ambalo halijawahi kuiona bahari lina chumvichumvi zake kiasi, pamoja na utomvu wa kahawia unaodumaza miche. Yote mawili hutoka kwa kuoshwa, kama nitakavyoeleza.

Anayesoma ushauri wa nchi nyingine atakutana na maganda ambayo hapa hatuna. Katika jimbo la Oregon nchini Marekani hutandaza maganda ya heizeli, na Hawaii hutumia ya makadamia. Huko huko Marekani huonya dhidi ya jozi nyeusi, kwa sababu mti huo na maganda yake yana kitu kiitwacho jugloni kinachonyausha nyanya. Ushauri huo ni sahihi kwao. Sisi tuchukue somo la kulichunguza ganda kwanza, kisha tufuate kalenda ya vuli na masika, maana wao wanapanga kazi yao kwa baridi na theluji.

Hatua ya pili: kusafisha na kujaribu

Maganda ya karanga yapepetwe kwenye ungo ili punje na vumbi vitoke, kwa maana punje moja iliyosahaulika huita panya, siafu na kuku wa mtaa mzima. Yaliyotokana na karanga za kuchemsha yalowekwe kwenye pipa la maji baridi usiku kucha, maji yamwagwe, kisha yarudiwe mara ya pili. Yaanikwe juani siku moja au mbili.

Makumbi yanataka subira zaidi. Yapasue kwa panga katika vipande vinne au sita, uyatie kwenye pipa, uyakandamize kwa jiwe yasielee, na uyaache siku tatu. Maji ya kwanza hutoka meusi kama chai ya rangi iliyokolea. Yamwage chini ya mnazi, ambao huvumilia chumvi na hufurahia potasiamu iliyomo. Usiyamwage kwenye mboga wala kwenye ndimu. Jaza maji mapya, ngoja siku nyingine tatu, na endelea hivyo mpaka maji yatoke na rangi hafifu tu. Kwa kawaida mara tatu hutosha. Mwenye uhaba wa maji asihangaike na pipa: ayarundike makumbi mahali palipoinuka mwezi wa Machi na ayaache masika yafanye kazi hiyo hadi Juni, bila gharama.

Vifuu vivunjwe. Njia ninayoitumia ni kuvitia kwenye gunia, kulifunga mdomo, kuliweka juu ya jiwe pana na kulipiga kwa nyundo nzito hadi vipande viwe na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Gunia huzuia vipande kuruka machoni, lakini bado ni vyema kuvaa miwani, na kuvaa viatu unapokusanya kwa sababu kingo zake hukata kama kigae.

Ukiwa na shaka yoyote, fanya jaribio la choroko. Loweka kopo moja la maganda katika makopo mawili ya maji usiku kucha, uchuje. Panda choroko kumi katika kopo lenye mchanga na ulinyweshe maji hayo, na kumi nyingine katika kopo la pili ulinyweshe maji ya kawaida. Choroko huota kwa siku chache, na kufikia siku ya saba utakuwa na jibu mbele ya macho yako: iwapo za kopo la kwanza ni chache, zimedumaa au ncha za majani zimeungua, osha maganda tena au yaache. Jaribio hili linagharimu kiganja cha choroko na limeniokolea matuta zaidi ya mara moja.

Hatua ya tatu: kuandaa udongo kabla ya kuufunika

Matandazo hulinda kile yanachokikuta. Yakikuta udongo mkavu yataulinda ukavu wake, kwa kuwa mvua ndogo huishia kulowesha maganda tu. Yakikuta magugu yaliyokomaa, yatayatunza. Kwa hiyo palilia kwanza, na ndago ing'olewe pamoja na vitunguu vyake vya chini, kwa sababu jani lake jembamba hupenya tabaka lolote la maganda kama sindano. Sijaona matandazo yanayoishinda ndago, na anayeahidiwa hivyo asikubali.

Kisha nywesha hadi ukichimba kwa kidole chote usikutane na mchanga mkavu. Wakati mzuri kabisa wa kazi hii kwetu ni mwishoni mwa Desemba, vuli inapokaribia kukatika na ardhi ingali imeshiba, ili unyevu huo ufungiwe kabla kaskazi haijaukausha; wakati wa pili ni Juni, masika yakiisha. Kutandaza katikati ya masika makubwa sikushauri kwa mboga, kwa sababu udongo uliokwisha kulowa kupita kiasi ukifunikwa hubaki na maji muda mrefu na mizizi huoza, hasa sehemu za bondeni.

Juu ya udongo uliolowa weka samadi iliyooza vizuri au mboji, unene wa sentimita 2 hadi 3. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayoleta lawama kwamba maganda yamedhoofisha mboga. Maganda yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo sana. Vijidudu vinavyoyaozesha vinahitaji naitrojeni, na visipoipata ndani ya ganda huichukua kwenye udongo wanaougusa. Maganda yakiwa juu tu, upungufu huo huishia kwenye tabaka jembamba la juu na samadi huuziba. Yakichimbiwa na kuchanganywa na udongo, mimea hunyang'anywa chakula chake na majani ya chini hugeuka manjano kwa wiki kadhaa. Usiyachimbie, basi, mpaka yameoza yenyewe. Mwenye eneo kubwa anayetaka kujua udongo wake una nini kabla ya kuanza anaweza kupata msaada wa kupima katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano, wilayani Muheza, ambacho kimeshughulikia masuala ya udongo kwa miaka mingi.

Hatua ya nne: kupima kiasi

Hesabu yake ni rahisi. Kufunika mita moja ya mraba kwa kina cha sentimita 5 kunahitaji lita 50, yaani ndoo mbili na nusu za lita 20. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 6 linataka ndoo 15. Maganda ya karanga hushuka baada ya mvua ya kwanza, kwa hiyo yaanze na kina cha sentimita 6 au 7 ili yabaki kama 5. Vifuu vilivyovunjwa havishuki. Sentimita 3 hadi 4 zinatosha. Ukiwa na maganda machache, ni afadhali kufunika tuta moja sawasawa kuliko kuyasambaza matatu kwa wembamba ambao jua linaupenya.

Hatua ya tano: kutandaza

Maganda ya karanga ni ya mboga: nyanya chungu, bamia, biringanya, pilipili, matembele. Tandaza miche ikiwa imefikia urefu wa kiganja, kamwe si juu ya mbegu zilizosiwa, kwa sababu mchicha unaochipua hauna nguvu ya kuyasukuma. Acha duara wazi la sentimita 5 hadi 8 kuzunguka kila shina. Siku ya upepo yanyunyizie maji mara tu yanapotua chini, au yafunike kwa makuti mawili matatu kwa siku chache mpaka yashikane. Vinginevyo yatapeperushwa na utayakuta yote yamejikusanya uani kwa jirani.

Kwa nyanya faida ni kubwa kuliko unyevu peke yake. Matone ya mvua yanapopiga mchanga ulio wazi hurusha udongo hadi kwenye majani ya chini, na magonjwa mengi ya madoa huanzia hapo. Ganda hupokea kishindo cha tone, na jani hubaki safi.

Vifuu vilivyovunjwa haviongezi rutuba, kwa hiyo mimi huviweka pale ninapotaka kifuniko cha kudumu: njia kati ya matuta, vyungu vya myasmini na mrihani, na chini ya miti ya matunda ambayo siichimbichimbi.

Makumbi ni ya miti, na yana kanuni ya mkao inayopuuzwa mara nyingi. Yanapotandazwa juu ya ardhi, mgongo wa kumbi uelekee juu na tumbo lake lilale chini. Ngozi laini ya mgongo hurudisha jua na kuzuia unyevu usipande, wakati nyuzi za tumbo zinakumbatia udongo. Yanapofukiwa mferejini, mkao hugeuzwa: tumbo hutazama juu ili lipokee maji ya mvua na kuyatunza kama bakuli. Nilipokuwa mdogo nilimwona bibi yangu akirudi nyuma ya vibarua wake na kugeuza kumbi moja moja kwa mguu, na mmoja wao alipomwuliza kwa nini anajisumbua alimjibu, "Mwanangu, mnazi hauna mdomo wa kukuita." Siku hizo sikumwelewa. Sasa ninapopita chini ya minazi yangu minne wakati wa kaskazi na kuinua kumbi moja, nakuta chini yake mchanga mweusi, baridi, na mizizi myembamba iliyopanda hadi juu kufuata unyevu, na hatua mbili tu kutoka hapo mchanga unaunguza nyayo.

Kwa mnazi unaozaa, tandaza kuzunguka shina hadi umbali wa mita 2, ukiacha nafasi ya kiganja kimoja wazi jirani na shina. Kwa mchungwa na mndimu acha wazi zaidi, sentimita 20 au 30, kwa sababu gome la jamii ya machungwa huoza upesi likikaa na unyevu. Ndimu yangu ya kwanza ilikufa hivyo, imerundikiwa makumbi hadi kiunoni kwa mapenzi.

Ukitaka kuchimba mfereji wa makumbi, uwe kati ya mistari ya minazi na si karibu na shina, upana na kina nusu mita, makumbi yapangwe tabaka kwa tabaka na kila tabaka lifunikwe kwa udongo kidogo. Ni kazi ya jasho, ila haitarudiwa kwa miaka mingi.

Hatua ya sita: kunywesha na kukagua

Baada ya kutandaza, usinyweshe kwa mazoea. Penyeza kidole chini ya maganda kila asubuhi: mchanga ukishikana kidoleni, acha, ukidondoka, nywesha. Mimina maji polepole karibu na duara la wazi la shina, kwa kopo au kwa chupa iliyotobolewa kifuniko, kwa sababu maji yanayorushwa kwa juu huishia kwenye maganda. Wanaoanza hushangaa kuona mboga zimejaa maji na kunyauka. Wameendelea kunywesha mara mbili kwa siku kama zamani.

Nyuzi nyeupe za ukungu zitaonekana kati ya maganda ya karanga baada ya wiki chache. Nyingi ni kuvu waozeshaji tu, na ukiyapindua maganda kwa reki hukauka. Lakini pana kuvu mmoja wa kuogopwa, anayeshambulia karanga, maharage, nyanya na pilipili katika maeneo ya joto. Dalili yake ni mmea mmoja kunyauka ghafla ilhali udongo una maji, utando mweupe kama pamba kwenye shina mahali linapogusana na ardhi, na katikati ya utando huo vidonge vidogo vya mviringo, kwanza vyeupe kisha vya kahawia, vyenye ukubwa wa punje ya haradali. Vidonge hivyo hubaki hai ardhini kwa miaka. Ukiviona, ng'oa mmea pamoja na udongo unaozunguka shina, kusanya maganda ya tuta hilo lote uyachome, na usirudishe maganda ya karanga hapo. Mwaka unaofuata panda mahindi. Kwa sababu hiyo hiyo usikubali maganda kutoka shamba la karanga lililonyauka.

Mchwa watakuja, hasa kwenye makumbi. Wanakula kilichokufa, na chini ya mnazi mkubwa siwasumbui. Karibu na miche hubadilika kuwa hasara, ndiyo sababu nyingine ya kuliacha shina wazi. Karibu na nyumba, na hasa nyumba ya miti na udongo, yasiwepo makumbi wala maganda yoyote ndani ya mita moja ya ukuta. Nge na tandu nao hupenda kivuli cha makumbi, kwa hiyo yainue kwa kijiti, si kwa mkono mtupu. Konokono wakubwa hujificha humo mchana. Wakusanye jioni baada ya mvua.

Jambo la mbu nalitaka lichukuliwe kwa uzito unaostahili. Kifuu kizima kilichokaa wazi hukusanya maji ya mvua, na mbu mweusi mwenye madoa meupe anayeeneza homa ya dengue hutaga katika maji machache na safi ya namna hiyo; kutoka yai hadi mbu anayeruka hupita takriban siku 10, na pengine pungufu. Mwaka 2019 dengue ilienea Dar es Salaam na hapa kwetu Tanga, na wengi tunakumbuka maumivu ya viungo yaliyowalaza majirani zetu. Kwa hiyo kifuu kisichovunjwa kilazwe kifudifudi, kumbi la juu ya ardhi lilazwe kifudifudi, na lundo linalosubiri kazi lifunikwe au lipinduliwe kila wiki. Anayepanga vifuu kuwa ukingo wa tuta avichomeke migongo ikiwa juu. Madafu yanayotupwa baada ya kunywewa yapasuliwe vipande kabla hayajaachwa uani, kwa sababu tundu lake dogo huficha maji yasionekane.

Lundo linalooza karibu na minazi lina adui mwingine, chonga, yule dudu mweusi mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi. Funza wake hukulia kwenye magogo ya minazi yaliyooza na kwenye marundo ya samadi. Tabaka jembamba la makumbi halimfai sana, lakini rundo nene lililochanganyika na samadi linamfaa. Pindua rundo hilo kila mwezi, na funza weupe wanene wanaopatikana wapewe kuku.

Hatua ya saba: kuongeza na kuondoa

Maganda ya karanga hupungua hadi nusu kwa msimu mmoja. Ongeza tabaka la sentimita 2 au 3 kila Desemba na kila Juni, na yale ya chini yaliyokwisha kuwa meusi na laini, yanayovunjika mkononi bila sauti, yachanganye na udongo unapoandaa tuta jipya. Yakifikia hatua hiyo hayanyang'anyi tena naitrojeni. Makumbi ya juu ya ardhi hukaguliwa mara moja kwa mwaka, yaliyopinduka yakarudishwa mkao wake na yaliyogeuka unga yakaachwa hapo hapo. Vifuu kwenye njia havihitaji kitu, ila kuchekechwa kwa reki baada ya masika ili mchanga ulioingia kati yake utoke, vinginevyo ukoka utaota juu yake na kazi yote ya kuvivunja itakuwa imezikwa chini ya majani.